Tufaha tamu la Anna kutoka mche wa kitaluni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu Anna, tufaha tamu lenye uchachu kidogo sana, na mwenzake Dorsett Golden. Hizi ndizo aina ambazo mkulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki anakutana nazo mara nyingi kitaluni, na ndizo tunazopendekeza kuanza nazo. Vipimo vimetolewa kwa mkulima wa Njombe, Makete, Rungwe, Lushoto, Limuru, Nyandarua au Kabale. Aliye mahali penye joto zaidi asome kwanza swali la pili kabla ya kutoa hela.

Kwa nini Anna, na si Fuji, Gala au yale mekundu ya dukani?

Mtufaha ni mti wa nchi zenye baridi. Kwao hupukutisha majani, hulala, kisha huamka na maua. Usingizi huo hupimwa kwa saa ambazo mti umekaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 0 na 7 za Selsiasi. Golden Delicious huhitaji zaidi ya saa 600. Gala na Fuji nazo huhitaji mamia ya saa ambayo huku kwetu hayapatikani. Anna ilizalishwa Israeli katikati ya karne iliyopita, kwa makusudi ya kupata tufaha linalozaa kwenye nchi yenye joto, na saa 200 hadi 300 zinalitosha. Dorsett Golden ilipatikana Bahamas, na mahitaji yake ni madogo kama hayo au pungufu.

Hata hizo saa 200 sehemu nyingi za Ikweta hazizifikishi. Ndiyo maana kuna kazi ya kupukutisha majani kwa mkono, ambayo tumeieleza kwa urefu huko chini. Anayekuuzia mche bila kuitaja kazi hiyo amekuuzia nusu ya maelezo.

Shamba langu liko mita 1,200. Au niko Tanga, Morogoro mjini, Mombasa. Itakubali?

Mti utaota. Matunda ni suala jingine. Eneo zuri ni kuanzia mita 1,600 hadi 2,500 juu ya usawa wa bahari, penye usiku wa baridi kwa miezi miwili mitatu mfululizo. Kati ya mita 1,300 na 1,600 unaweza kupata matunda ukijituma kwenye kupukutisha majani na kulaza matawi, ila maua huja kidogo kidogo mwaka mzima: mti mmoja unakuwa na ua, tunda changa na tunda bivu kwa pamoja, na kupulizia dawa au kuvuna kunakuwa vurugu. Pwani, panda embe.

Kuna miche inayotangazwa kuwa inazaa popote, kuanzia pwani hadi milimani. Muulize muuzaji akuonyeshe mti uliokwisha kuzaa misimu miwili kwenye mwinuko kama wako. Picha ya matunda kwenye simu haihesabiki.

Upande wa juu kabisa, kama Kitulo na miinuko mingine inayopata sakitu (umande ulioganda), tatizo hugeuka: Anna huamka mapema mno na maua yake huunguzwa na sakitu. Usipande bondeni ambako hewa baridi hutuama usiku. Panda kwenye mteremko.

Naweza kuotesha mbegu za tufaha nililokula?

Mbegu itaota ukiiweka kwenye mchanga mbichi ndani ya friji kwa siku 60 hadi 90 kisha ukaipanda. Lakini mti utakaopata si ule uliozaa tunda hilo. Kila mbegu ya tufaha ni mchanganyiko mpya wa baba na mama, na mingi huzaa matunda madogo na machachu, baada ya miaka sita hadi kumi. Tufaha la dukani pia aghalabu limetoka kwenye aina inayotaka baridi kali, na watoto wake hurithi hilo. Kwa hiyo tufaha hupandwa kwa mche uliobebeshwa, yaani kikonyo (kijiti cha aina unayoitaka) kilichounganishwa juu ya shina lenye mizizi la mti mwingine.

Mche uliobebeshwa una majina mawili. Yapi?

Jina la juu ni aina ya tunda: Anna, Dorsett Golden. Jina la chini ni la shina lililobeba kikonyo, na wengi hawaliulizi. Shina la chini ndilo linaloamua ukubwa wa mti, mwaka wa kuanza kuzaa, na kama mizizi itastahimili ukame, maji au vidukari.

MM106 ndilo tunalolipendelea kwa mkulima wa kawaida. Mti hufika mita 4 hivi usipoudhibiti, huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, na mizizi yake haishambuliwi kirahisi na vidukari vya sufu. Udhaifu wake ni kuoza shingo kwenye udongo unaotuamisha maji. MM111 huzaa mti mkubwa zaidi na huchelewa kidogo, ila huvumilia ukame na udongo duni kuliko MM106. Kwa shamba la mteremko lisilo na maji ya kumwagilia, chukua hili. Yote mawili yametoka Uingereza, kwenye mpango wa Malling na Merton uliolenga kupata mizizi isiyoliwa na vidukari hivyo. M9 huzaa mti mfupi wa mita 2.5 hadi 3 na huwahi sana kuzaa, lakini mizizi yake ni dhaifu: lazima uwe na nguzo na waya maisha yote ya mti, na vidukari vya sufu huipenda. Usinunue M9 kwa sababu tu umesikia ndiyo ya kisasa.

Vitalu vingi vya bei nafuu hubebesha juu ya miche iliyooteshwa kwa mbegu. Si wizi, mradi uambiwe. Mti wake huwa mkubwa, huchelewa kuzaa, na kila mmoja hukua kivyake.

Nikifika kitaluni nikague nini?

Anza na shingo, pale kikonyo kilipoungana na shina la chini. Kovu liwe limefunga pande zote, bila ufa wala gamba jeusi. Nailoni ya kufungia iwe imetolewa. Ikibaki humea ndani ya gome na mti hukatika upepo wa kwanza. Kitikise kikonyo taratibu kwa vidole: kikicheza, rudisha.

Unene juu kidogo ya kovu uwe kati ya milimita 10 na 15, urefu sentimita 60 hadi 100. Mche mrefu mwembamba uliokulia kivulini haufai hata kama unapendeza macho. Angalia kwapa za majani na kovu lenyewe kama kuna utando mweupe kama pamba; hivyo ni vidukari vya sufu, na ukivileta nyumbani havitoki tena.

Omba mche mmoja ufunguliwe mfuko. Mizizi iliyozunguka kama chemchemi chini ya mfuko ni dalili kwamba mche umekaa sana. Mizizi yenye vinundu vigumu kama mbegu za karanga au zaidi ni ugonjwa wa uvimbe wa shingo, unaoletwa na bakteria walioko udongoni. Hapo usinunue hata mche mmoja wa kitalu hicho, kwa sababu udongo wote una tatizo.

Mwisho, lebo. Iwe na majina yote mawili, na risiti iyaandike. Miche au vikonyo vinavyotoka nje ya nchi huhitaji kibali cha afya ya mimea: mamlaka inayohusika Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS.

Ni lazima nipande aina mbili?

Ndiyo. Anna ikiwa peke yake hufunga matunda machache, maana chavua yake haijitoshelezi. Dorsett Golden huchanua wakati mmoja nayo na ndiyo mwenzake wa kawaida. Kwa shamba, weka mti mmoja wa Dorsett Golden kwa kila miti mitano hadi minane ya Anna, umbali usizidi mita 15 kati ya Dorsett na Anna ya mbali kabisa. Kwa miti ya nyumbani, miwili inatosha, mmoja mmoja. Kama nafasi ni ya mti mmoja tu, bebesha tawi la Dorsett Golden juu ya Anna.

Chavua haisafiri kwa upepo. Hubebwa na nyuki. Mizinga miwili kwa ekari wakati wa maua inaleta tofauti inayoonekana. Na usipulizie dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Tumeona swali la "maua yalijaa, matunda hayakuja" likiulizwa na watu waliopulizia asubuhi ya maua.

Nafasi kati ya miti?

MM106: mita 4 kati ya mistari na 3 ndani ya mstari, yaani miti 337 kwa ekari. MM111 au shina la mbegu: mita 5 kwa 4, miti 202. M9 yenye nguzo: mita 3.5 kwa 1.2, zaidi ya miti 900, na gharama ya nguzo na waya inaweza kupita ya miche. Mistari ielekee kaskazini na kusini kama mteremko unaruhusu. Mteremko ukikataa, fuata kontua, yaani mstari wa mwinuko ule ule. Kulinda udongo ni muhimu kuliko jua la pembeni.

Shimo linachimbwaje?

Kwanza jaribu maji. Chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, rudi kesho yake saa ile ile. Maji yakiwa bado yamo, usipande mtufaha hapo, au panda juu ya tuta la sentimita 40. Pia epuka eneo lililotoka kukatwa msitu ambalo visiki bado viko ardhini, kwani ukungu wa kuozesha mizizi huishi kwenye visiki na kuhamia kwenye miti ya matunda.

Pima tindikali ya udongo. Tufaha hutaka pH 6 hadi 6.5, na udongo mwingi wa nyanda za juu uko chini ya 5.5. Hapo changanya gramu 200 hadi 300 za chokaa ya kilimo kwa kila shimo, mapema kabla ya mbolea.

Shimo ni sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke kushoto. Wa chini uweke kulia. Udongo wa juu uchanganye na debe moja hadi mawili ya samadi iliyooza kabisa na gramu 150 za TSP (mbolea ya fosfati). Rudisha mchanganyiko huo shimoni na uache wiki tatu au nne udongo ushuke wenyewe. Samadi mbichi huua miche mingi: inapooza hutoa joto na amonia, mizizi michanga inaungua, na mwenye shamba anadhani ni ugonjwa.

Nipande lini, na vipi?

Nyanda za Juu Kusini, panda mvua zikishika, Desemba hadi katikati ya Januari. Kenya ya kati na Lushoto, mwanzo wa masika. Mwenye maji ya kumwagilia anaweza kupanda wakati wowote isipokuwa kwenye jua kali la Septemba na Oktoba.

Miche ikifika, iache kwenye kivuli chepesi shambani kwa wiki mbili ili izoee. Siku ya kupanda, mwagilia mfuko saa moja kabla, kata kitako chake na mizizi yoyote inayozunguka, kisha chana pembeni na uutoe. Weka mche shimoni kina kile kile ulichokuwa nacho mfukoni. Kovu la kubebesha lazima libaki sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Ukilifukia, kikonyo kitatoa mizizi yake chenyewe, na hapo nguvu ya shina la chini inapotea: uliyedhani una MM106 unajikuta na mti mkubwa wa kupanda kwa ngazi.

Kanyaga taratibu, mwaga lita 20, funga mche kwenye kigingi kwa kamba laini yenye umbo la nane. Weka matandazo ya nyasi unene wa sentimita 10, lakini yasiguse shina. Acha duara la sentimita 15 wazi, la sivyo panya na ukungu watajificha hapo. Penye mchwa, tumia matandazo yaliyokwisha kuoza badala ya nyasi kavu.

Halafu kata ncha ya mche kwenye urefu wa sentimita 70 hadi 80. Wengi huona huruma. Mche usiokatwa hupanda juu kama fimbo na kutoa matawi mahali ambapo mkono haufiki.

Fuko wanakula mizizi. Nifanyeje?

Hili ni tatizo kubwa kuliko vitabu vya nje vinavyosema, maana huko hawana fuko wetu. Dalili ni mti unaonyauka ghafla ilhali udongo una unyevu, na ukiuvuta unatoka wote mkononi. Mitego ya kijadi ya upinde inafanya kazi ikitegwa kwenye njia mpya. Kwa miti michache, tandika wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 1 hadi 2 ndani ya shimo kabla ya kupanda, kama kikapu. Utalinda shingo na mizizi mikuu kwa miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo ya hatari.

Maji na mbolea kiasi gani?

Mwaka wa kwanza, wakati wa kiangazi, lita 10 mara mbili kwa wiki kwa mti. Mti unaozaa huhitaji lita 80 hadi 120 kwa wiki kuanzia maua hadi matunda yakaribie kuiva. Matone ni bora kuliko mpira, kwa sababu majani yenye maji hukaribisha ukungu.

Mwaka wa kwanza weka CAN (mbolea ya naitrojeni) gramu 50 mara mbili, ya kwanza wiki sita baada ya kupanda, kwenye duara lililo sentimita 30 kutoka shinani. Mwaka wa pili gramu 100 mara mbili. Mti unaozaa upewe madebe mawili ya samadi kwa mwaka, NPK 17-17-17 gramu 300 hadi 500 unapoamka, na CAN gramu 200 matunda yakishafunga. Usizidishe naitrojeni. Mti wenye majani meusi-kijani na machipukizi ya mita moja na nusu kwa mwaka unapendeza, lakini matunda yake yana maji, rangi hafifu, na huoza haraka.

Majani yanapukutishwa vipi, na kwa nini?

Hapa ndipo tofauti kati ya shamba linalozaa na shamba la mapambo. Huku kwetu mti haupati baridi ya kuupukutisha wenyewe. Majani ya zamani hubaki na kuyazuia macho (vichipukizi vilivyolala kwenye tawi) yasiamke, kwa hiyo mti unaendelea kuota nchani tu. Ukiyaondoa majani kwa wakati wake, macho yaliyokomaa huamka kwa pamoja kabla hayajazama kwenye usingizi mzito ambao baridi yetu haiwezi kuuvunja. Wakulima wa Batu, huko Java Mashariki nchini Indonesia, wamejenga kilimo kizima cha tufaha juu ya mbinu hii, na huvuna mara mbili kwa mwaka.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, lenga Juni au Julai, baridi ikiwa imekaa. Wiki tatu hadi sita kabla, simamisha maji. Chunguza macho kwenye matawi mafupi: yawe manene, ya mviringo, yenye manyoya ya kijivu. Macho membamba yaliyochongoka ni ya majani, na ukipukutisha wakati huo utapata majani mapya tu.

Kisha ondoa majani yote, ya mti mzima, ndani ya siku chache. Usiyavute kwa fujo kuelekea chini, maana jicho liko kwapani na hutoka na gome. Likate jani kwa kucha au mkasi ukiacha kipande kifupi cha mkia wake, kitadondoka chenyewe. Mti wa miaka minne humchukua mtu mzoefu chini ya saa moja. Siku hizo hizo pogolea na laza matawi, kisha anza kumwagilia tena kwa wingi. Maua huonekana baada ya wiki tatu hadi tano.

Matawi yaliyobaki uchi hupigwa na jua la mwinuko na gome hupasuka. Paka upande wa juu wa matawi makubwa na shina kwa chokaa, au rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Kuna dawa ya kuamsha macho inayoitwa sayanamidi ya hidrojeni. Inafanya kazi, na ni sumu kali. Anayeipulizia akinywa pombe siku hizo anaweza kuugua vibaya hata kama alijikinga. Kwa shamba dogo, vidole vinatosha.

Usipukutishe mti ulio chini ya miaka miwili, wala mti mgonjwa.

Na kulaza matawi?

Tawi lililosimama wima huota majani; lililolazwa huzaa. Chagua matawi matatu au manne yanayotoka pande tofauti, yakiwa na nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya moja na jingine juu ya shina, na yavute kwa kamba hadi yafike kama nyuzi 60 kutoka kwenye shina. Fanya hivyo yakiwa na unene wa penseli, wakati wa mvua, maana tawi nene kavu huvunjika kwenye kwapa. Kamba ifungwe legelege na ikaguliwe kila mwezi. Baada ya miezi mitatu tawi linakuwa limekaa na kamba huondolewa.

Maotea yanayotoka chini ya kovu la kubebesha yang'oe kila unapoyaona. Hayo si Anna. Wapo waliotunza maotea miaka mitatu huku kikonyo chenyewe kikifa taratibu.

Mti wangu umezaa mwaka wa kwanza! Niache?

Toa maua yote mwaka wa kwanza. Wa pili, acha matunda matano hadi kumi kama mti ni imara. Anna ina haraka ya kuzaa, na mti mdogo uliobebeshwa matunda hudumaa moja kwa moja.

Kwenye mti mkubwa, punguza matunda yakiwa na ukubwa wa gololi, kabla wiki sita hazijapita tangu maua. Acha moja kwa kila kichala, na nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya tunda na tunda. Kila tunda huhitaji majani 30 hadi 40 ya kulilisha sukari. Asiyepunguza huvuna matunda mengi madogo yasiyo na ladha, na mwaka unaofuata mti hupumzika.

Matunda hayana utamu. Kwa nini?

Mara nyingi yamechumwa mapema. Anna hupata wekundu wiki mbili tatu kabla ya kuiva, na rangi hiyo humdanganya mvunaji. Angalia rangi ya chini, ile isiyo nyekundu: ikitoka kijani na kuwa njano hafifu, na mbegu zikiwa za kahawia, chuma. Mwenye kipimo cha sukari asubiri Brix 12. Kipimo rahisi zaidi ni ayodini: kata tunda katikati, pakaa. Likigeuka bluu-nyeusi lote, bado ni wanga. Kitovu kikibaki cheupe na weusi uko pembeni tu, linakaribia. Weupe ukizidi nusu, ni la kula sasa.

Sababu nyingine ni kivuli ndani ya mti usiopogolewa, matunda kuzidi majani, naitrojeni nyingi, au mvua na mawingu mfululizo wiki za mwisho. Hiyo ya mwisho haina dawa.

Magonjwa na wadudu gani nijiandae nao?

Ubwiri unga huanza kwenye ncha: majani membamba, yaliyojikunja, yenye unga mweupe. Kata ncha hizo na uzichome, kisha salfa ya kuyeyuka, gramu 40 hadi 60 kwa bomba la lita 20, kila siku 10 hadi 14. Usiipulizie jua likiwa kali wala ndani ya wiki mbili za kupulizia mafuta, maana huunguza majani.

Madoa ya ukoko hupenda mvua, na Anna haina kinga nayo. Ni mabaka ya kijani-zeituni kwenye majani, baadaye vidonda vyeusi vyenye mpasuko juu ya tunda. Fagia majani yaliyopukutishwa na uyafukie. Ukungu hulala humo. Pulizia dawa ya shaba macho yanapovimba, kabla maua hayajafunguka. Baada ya hapo shaba huchubua ngozi ya tunda, kwa hiyo tumia mankozebu kwa kipimo cha kwenye lebo, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kuoza shingo: gome la usawa wa ardhi linakuwa kahawia na laini, majani yanageuka zambarau mapema. Fukua udongo, kwangua hadi gome zima, paka uji wa shaba na chokaa. Likizunguka shina lote, ng'oa mti.

Vidukari vya sufu visugue kwa brashi na maji ya sabuni wakati bado ni makundi machache. Kuna nyigu mdogo sana, Aphelinus mali, ambaye hutaga ndani yao. Ukiona vidukari vyeusi vyenye tundu mgongoni, yupo, na dawa kali itamuua yeye kwanza.

Inzi wa matunda: okota kila tunda lililoanguka, kila siku, lifunge kwenye mfuko mweusi juani au lifukie zaidi ya nusu mita. Mifuko ya karatasi juu ya matunda hulinda dhidi ya inzi na ndege pia. Kwa miti isiyozidi hamsini inawezekana kabisa. Kwa ekari nzima hesabu vibarua kwanza.

Tunda lina vidoa vya kahawia chini ya ganda, na ni chungu hapo.

Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda. Huja kwenye matunda makubwa mno, miti iliyozidishiwa naitrojeni, na maji ya leo mengi kesho hakuna. Pulizia nitreti ya kalsiamu gramu 100 kwa lita 20 kila wiki mbili kuanzia wiki ya nne baada ya maua, mara nne au tano, ukilenga matunda yenyewe kwa sababu kalsiamu ya kwenye jani haihamii kwenye tunda.

Nipande nini katikati ya mistari?

Maharage, njegere, klova ya malisho. Mahindi yatatia kivuli, na viazi mviringo utavichimba pamoja na mizizi ya juu ya mtufaha. Chochote unachopanda, acha mita moja kila upande wa mstari.

Mavuno ni kiasi gani?

Anna ya MM106 iliyotunzwa hutoa kilo chache mwaka wa tatu, kilo 10 hivi wa nne, na 20 hadi 40 ikishakomaa. Ukikuta hesabu ya biashara inayoanza na kilo 100 kwa mti mwaka wa tatu, funga karatasi hiyo.

Yanakaa muda gani baada ya kuvuna?

Anna si tufaha la kuweka. Kwenye joto la chumba hubaki na mkakaso kwa wiki moja, pengine mbili, kisha hulainika na kuwa unga mdomoni. Kwenye friji karibu na nyuzi 0 hadi 2 hufika wiki sita hivi. Chuma asubuhi, kwa kuinua na kuzungusha tunda ili litoke na kijiti chake cha juu. Lililochomoka bila kijiti hicho huoza kuanzia tundu hilo. Tumia kreti au boksi la tabaka mbili, si kiroba, na usiyachanganye na mboga za majani kwenye stoo moja, kwa sababu gesi ya matufaha huzifanya ziwe njano. Kabla ya kuvuna yote, panga na mnunuzi wa siku hiyo hiyo.